Simu ya Mtoto Huanzia Kwenye Mwaka wa Kuzaliwa: Mwongozo Kamili kwa Mzazi

Haipiti wiki bila mzazi kuja kwenye meza yangu ya ufundi hapa Ngamiani, Tanga, ameishika simu ya mwanawe kwa ncha za vidole kama aliyeshika pweza. Maneno ni yale yale: "Fundi, nilimwekea ile programu ya kumsimamia. Mbona haimsimamii?"

Naifungua. Nakwenda kwenye akaunti. Nakuta mtoto wa darasa la sita kazaliwa tarehe 1 Januari 1990. Kwa Google huyo ni mtu mzima mwenye familia yake. Kwa TikTok vivyo hivyo, na kwa YouTube pia. Kila kinga iliyowekwa kwa ajili ya watoto inampita kando, maana kwa maandishi hapo hakuna mtoto.

Na nikiri: tarehe hizo tunaziandika sisi mafundi. Wateja wamejipanga, simu mpya inadai siku ya kuzaliwa, unabonyeza cha kwanza kinachopita. Ukizisoma simu za hapa utadhani watoto wote wa Ngamiani na Makorora walizaliwa usiku wa mwaka mpya.

Kwa hiyo nitaanzia kwenye akaunti, na hapo ndipo nitakapokaa sana. Ukizirukia hatua za mbele bila kumaliza ya pili na ya tatu, utakuwa unafunga mlango wa nyumba isiyo na ukuta.

## Andaa hivi kabla ya kukaa

- Simu yako mwenyewe, Android au iPhone, yenye akaunti ya Google ambayo nywila yake unaijua wewe. Kama anayeijua ni fundi aliyekufungulia, hiyo bado si akaunti yako.
- Simu ya mtoto, Android, ikiwa na chaji ya kutosha. Kitochi hakimo kwenye mwongozo huu, ingawa kwa mtoto wa darasa la nne anayetaka kupigiwa tu, kitochi kinashinda yote nitakayoandika hapa.
- Bando kwenye simu zote mbili, au waifai. Mimi huwaomba wateja waje na GB 1 kila simu.
- Daftari na kalamu. Nywila ziandikwe, daftari likae kabatini.
- Tarehe halisi ya kuzaliwa ya mtoto.
- Saa moja na nusu isiyo na haraka. Baada ya Alasiri, watoto wakisharudi chuoni, ni wakati mzuri.
- Mtoto mwenyewe. Hili sikuliandika kwa bahati mbaya.

Kama mtoto ana iPhone, Family Link, yaani programu ya Google ya mzazi kumsimamia mtoto tutakayoitumia hapa, haitamsimamia. Huko kazi hii hufanywa na sehemu ya Screen Time iliyomo ndani ya mipangilio ya simu. Mpangilio wa mawazo ni ule ule, vitufe tu ndivyo tofauti.

Wakati mzuri wa kufanya haya ni kabla simu haijaguswa. Hapa kwetu simu nyingi za kwanza hutolewa kati ya mtihani wa darasa la saba mwezi wa tisa na kuanza kidato cha kwanza mwezi wa kwanza, mtoto akiwa nyumbani hana la kufanya. Ukishamkabidhi simu Oktoba ukamfuata na masharti Desemba, jiandae kwa vita.

## Hatua ya 1: Mwambie utakachokiona

Mama mmoja wa Duga alikuja na binti yake wa kidato cha kwanza. Nikamwomba azungumze naye palepale mezani kabla sijagusa kitu.

"Mwanangu, simu hii ni yangu, nimekupa utumie. Vipo vitu nitaviona."

"Utasoma meseji zangu, mama?"

Mama akanigeukia. "Fundi, nitazisoma?"

Nikawajibu wote wawili: hapana. Family Link inamwonyesha mzazi programu zilizomo, muda uliotumika kwenye kila programu, na mahali simu ilipo. Inamwezesha kukubali au kukataa programu mpya na kuifunga simu kwa saa alizochagua. Haisomi meseji za WhatsApp wala haionyeshi kinachoendelea kwenye kioo cha simu ya mtoto. Yule binti akashusha mabega, na kazi yote iliyobaki ikaenda kama maji.

Kwa nini hatua hii: mtoto asiyejua unachokiona atadhani unaona kila kitu, na wa hivyo hutafuta simu ya pili. Akishaipata kwa rafiki, kazi yako imekwisha.

Tahadhari: kuna programu za kupeleleza zinazouzwa kwa ahadi ya kukusomea meseji za mtoto. Siziweki kwenye simu ya mtu. Nyingi hazipatikani kwenye duka rasmi, hutaka ruhusa ya kusoma kila kitu, na hujui mazungumzo na picha za mwanao zinahifadhiwa kwa nani.

## Hatua ya 2: Safisha akaunti zilizomo

Fungua mipangilio ya simu ya mtoto, nenda sehemu ya akaunti. Soma kila jina lililopo. Utakutana na moja kati ya hali hizi.

Akaunti ni yako wewe mzazi. Hii ndiyo inayowakwamisha wengi. Mzazi ameingiza baruapepe yake kwenye simu ya mtoto "ili nimwone". Kinyume chake, mtoto ndiye anayekuona wewe: picha zako, namba zako, na nywila zako kama zimehifadhiwa kwenye Chrome. Halafu Family Link haiwezi kumsimamia mtu na huyo huyo awe msimamizi. Iondoe.

Akaunti ni ya fundi au ya mtu msiyemjua. Simu zilizopita mkono hadi mkono hujaa hizi. Iondoe leo, na usingoje simu iharibike.

Akaunti ni ya mtoto ila umri ni wa uongo. Usiibadilishe tarehe kienyeji ukidhani mambo yamekwisha. Google ikigundua mwenye akaunti hajafika miaka 13, inaweza kuifunga mpaka mzazi aichukue chini ya usimamizi. Kama ndani hamna kitu cha maana, ni rahisi zaidi kuiacha na kufungua mpya.

Akaunti ni ya mtoto, amefika miaka 13, na tarehe ni ya kweli. Usiiguse. Ingia mipangilio, kisha Google, kisha sehemu ya udhibiti wa wazazi, na muongeze usimamizi juu ya akaunti hiyo hiyo. Atalazimika kukubali mwenyewe. Ndiyo maana tuliongea kwanza.

Kabla ya kuondoa akaunti yoyote, hamisha picha na namba za simu. Kisha, kama simu imejaa takataka, irudishe iwe kama mpya kupitia mipangilio.

Tahadhari kubwa: ondoa akaunti ya zamani *kwanza*, ndipo uifute simu. Anayeiflashi simu kwa vitufe vya pembeni bila kuondoa akaunti, simu humwakia ikidai ile ile akaunti ya mwanzo. Ni kinga ya wizi. Nimewahi kupokea simu tatu za namna hiyo siku moja, na mmoja wa wenyewe hakumkumbuka hata aliyemuuzia.

Umefaulu ukiona: sehemu ya akaunti iko tupu, au ina akaunti moja tu ya mtoto yenye tarehe ya kweli.

## Hatua ya 3: Mfungulie akaunti ya mtoto, kutoka kwenye simu YAKO

Pakua Family Link kwenye simu yako kupitia duka rasmi la programu. Haina malipo. Ifungue kwa akaunti yako, chagua kuongeza mtoto, kisha sema kwamba hana akaunti. Itakuuliza jina, siku ya kuzaliwa, anwani ya Gmail unayotaka na nywila.

Siku ya kuzaliwa iandike ile ya kwenye cheti. Hapa ndipo penyewe. Tarehe hiyo itaiambia Google kwamba huyu ni mtoto: utafutaji utachujwa, duka la programu litasubiri ruhusa yako, na matangazo hayatalengwa kwake binafsi kama yanavyolengwa kwa mtu mzima.

Nywila isiwe mwaka wake wa kuzaliwa, wala jina la klabu yake. Iandike daftarini mbele yake, kisha daftari liende kabatini.

Sasa niseme lililonikuta nyumbani kwangu, mimi mwenyewe fundi. Nilimfungulia kijana wangu wa miaka 11 akaunti safi, nikaweka usimamizi, nikalala usingizi. Wiki moja baadaye nakuta michezo sita mipya. Maombi ya ruhusa yalikuwa yanaingia kwenye simu ya mke wangu, maana yeye pia nilimweka mzazi. Simu ya mke wangu haikuwa na loki. Na saa za jioni simu hiyo alikuwa nayo nani? Huyo huyo kijana, "anaangalia hesabu". Anaomba kwa mkono wa kushoto, anajiruhusu kwa mkono wa kulia.

Kwa hiyo, kabla hujaenda hatua ya 4, weka loki kwenye simu ya kila mzazi aliyemo, na namba hiyo mtoto asiijue. Uifute skrini pia. Kioo chenye mafuta ya bajia huonyesha vidole vilipogusa.

Umefaulu ukiona: jina la mtoto limetokea ndani ya Family Link kwenye simu yako, na miaka iliyoandikwa ni ile anayoijua bibi yake.

## Hatua ya 4: Iunganishe simu ya mtoto

Washa simu ya mtoto. Ikiuliza akaunti, ingiza ile mpya. Itatambua kwamba ni ya mtoto na itakutaka wewe uingize nywila yako kuthibitisha. Kama kuna akaunti nyingine zimesalia, itakutaka uziondoe. Fuata maelekezo mpaka mwisho, usikatize katikati kwa sababu bando linakwenda.

Kisha jaribu papo hapo. Mwambie mtoto afungue duka la programu na aombe mchezo wowote. Ombi liingie kwenye simu yako. Likataeni pamoja, mcheke, muendelee.

Ombi lisipoingia: angalia kwanza data ya simu yako kama imewashwa. Pili, angalia sehemu ya kuokoa betri. Simu nyingi tunazotumia huzima programu za nyuma ili chaji ikae, na Family Link huzimwa nayo. Iruhusu ifanye kazi muda wote.

Jambo wasilolijua wengi: masharti mapya hufika kwa mtoto kupitia intaneti. Ukibadilisha kitu saa nane mchana na simu ya mtoto haina bando, hakuna kitakachotokea mpaka ipate mtandao. Masharti uliyokwisha kuyaweka yatabaki palepale, ila haya mapya yanasubiri. Theluthi ya "haifanyi kazi" ninazoletewa, kwa makadirio yangu ya mezani, ni hii tu.

Kinyume chake pia kipo: simu imejifunga, mtoto anaihitaji kweli, na hakuna mtandao. Ndani ya Family Link kuna namba ya ruhusa ya mzazi ambayo hubadilika kila baada ya muda. Isome kwenye simu yako, iandike kwenye ya kwake, itafunguka.

## Hatua ya 5: Saa (na mtego wa saa za Kiswahili)

Utaweka vitu viwili: muda wa jumla kwa siku, na saa za kulala ambazo simu hujifunga.

Mzee mmoja wa Mabawa alinilalamikia kwamba mjukuu wake anakesha na simu ilhali yeye ameweka ifungwe saa tatu. Nikatazama. Alikuwa ameandika 3:00. Simu ilikuwa ikifungwa saa tisa za usiku, mtoto akishamaliza kila kitu.

Saa tatu usiku ni 21:00. Saa nne ni 22:00. Saa kumi na mbili asubuhi ni 06:00. Badilisha kwanza simu yako itumie mfumo wa saa 24, hutakosea.

Simu ikiwa imefungwa, mtoto bado anaweza kupokea simu inayoingia na kupiga ya dharura. Wambie na akina shangazi, wasije wakadhani umemkata mtoto ulimwengu.

Muda gani unafaa? Sitakutajia dakika. Anza na unaoona ni mwingi kidogo, kisha upunguze baada ya wiki mbili ukiwa umeona kwenye ripoti unaenda wapi. Anayeanza na dakika ishirini huishia kuombwa nyongeza kila jioni mpaka anachoka na kufuta kila kitu. Na nyumbani kwetu, baada ya saa tatu simu zote, yangu ikiwemo, zinawekwa mezani na mke wangu anazifunika kawa. Mtoto akilifunua, kila mtu anasikia.

## Hatua ya 6: Ziba njia za panya

Duka rasmi umelifunga. Sasa watoto wa Tanga wanapata programu wapi? Wanarushiana. Kijana mmoja anayo kwenye simu, anakaa na wenzake nje ya uwanja wa Mkwakwani, dakika tano kila mmoja anayo, bila bando wala ruhusa ya mtu.

Zima programu kutoka vyanzo visivyojulikana. Ndani ya Family Link, chagua simu ya mtoto, utaliona sharti hilo. Lizime. Hapo hapo zima na ruhusa ya mipangilio ya watengeneza programu.

Funga maduka mengine. Simu nyingi za Tecno, Itel na Infinix huja na duka lao la pembeni liitwalo Palm Store. Litafute kwenye orodha ya programu za mtoto na ulizuie.

Bakiza kivinjari kimoja. Kichujio cha Family Link hufanya kazi ndani ya Chrome. Mtoto akifungua Opera Mini au Phoenix, kichujio hicho hakipo. Vizuie vyote, ibaki Chrome.

Weka kichujio cha mtandao mzima. Kwenye simu yenye Android 9 au zaidi, ingia mipangilio ya mtandao, tafuta Private DNS, chagua kuandika jina, kisha andika kwa makini:

family.cloudflare-dns.com

Hiki huzuia tovuti za ngono na zenye virusi, kwenye bando na kwenye waifai ya jirani vilevile. Ukikosea herufi moja, intaneti yote itakatika. Rudi uhakiki nukta na kistari.

Kisichozuiwa na kichujio hicho: kubeti. Tovuti za mikeka na vile vindege vya kubahatisha hupita, maana haziko kwenye kundi la ngono. Sheria inataka mchezaji awe na miaka 18, lakini mtoto anayejua namba yako ya siri ya pesa ana miaka mingi anavyotaka. Zizuie moja moja kwenye orodha ya tovuti za Chrome ndani ya Family Link, na ubadilishe namba ya siri ya pesa usiku huu huu kama aliwahi kukutolea hela kwa wakala.

VPN, yaani programu inayopitisha intaneti kwa njia ya pembeni, inaweza kukiruka hicho kichujio cha mtandao mzima. Ukipokea ombi la programu yenye herufi hizo, kataa.

Umefaulu ukiona: mtoto akirushiwa mchezo na rafiki, faili linafika lakini mchezo hauwezi kuwekwa kwenye simu.

## Hatua ya 7: WhatsApp

Umri wa chini wa kujifungulia akaunti mwenyewe ni miaka 13. Kwa aliye chini ya hapo, jibu langu ni fupi: bado. Azungumze na bibi yake kwa WhatsApp ya kwako, ukiwepo.

Aliyefika 13, anza na laini. Laini yake imesajiliwa kwa alama za vidole vyako na namba yako ya NIDA, hivyo kinachofanywa nayo kinakutafuta wewe. Piga *106# uone namba zote zilizo kwa jina lako. Kuna wanaokuta laini wasizozijua.

Kisha kaeni pamoja, fungueni mipangilio ya WhatsApp. Vitatu vya mwanzo viko sehemu ya faragha, vilivyobaki viko sehemu nyingine za programu:

1. Makundi: anayeweza kumwingiza awe mtu aliye kwenye namba zake tu. Likiachwa wazi, mtu yeyote mwenye namba yake anaweza kumtupa kwenye kundi la watu 300.
2. Picha ya wasifu na hali: zionwe na walio kwenye namba zake.
3. Wapigaji wasiojulikana: wanyamazishwe.
4. Uthibitisho wa hatua mbili: weka namba sita za siri, na baruapepe iwe yako. Hii inazuia akaunti yake isihamishiwe kwenye simu nyingine.
5. Vifaa vilivyounganishwa: tazama kama kuna kompyuta au simu isiyo yenu. Ikiwepo, iondoe.
6. Upakuaji wa picha na video: zima ule unaofanyika wenyewe bila kuombwa. Bando litakushukuru.

Mfundishe sentensi moja mpaka aikariri: namba zinazoingia kwa meseji ya kawaida hazipewi mtu, hata kama anayeziomba ni "mwalimu" au "binamu". Mara nyingi anayeomba ni binamu kweli, ila akaunti yake imeshaibwa na anayeandika ni mwingine. Meseji za matapeli zikiingia, zitume kwenda 15040, kisha zifute.

Kuhusu kusoma meseji zake: mimi hukaa na wangu Ijumaa baada ya chakula, anafungua yeye, ananipitisha kwenye orodha ya makundi. Simwombi afungue mazungumzo na rafiki zake. Nikimwona anapita haraka mahali fulani, nauliza "Huyu nani?" na nanyamaza. Ukimya huo hunijibu kuliko kumpokonya simu.

## Hatua ya 8: TikTok, Instagram na YouTube

Hapa ule mwaka wa kuzaliwa unarudi. TikTok huzifanya akaunti za walio chini ya miaka 16 kuwa za faragha tangu mwanzo, huwanyima meseji za moja kwa moja, na hairuhusu aliye chini ya 18 kurusha laivu. Yote hayo yanategemea tarehe aliyoiandika. Kama ameandika 1999, ifute akaunti na afungue nyingine kwa tarehe ya kweli. Atalia kwa ajili ya wafuasi wake 212. Alie.

Baada ya hapo, pakua TikTok kwenye simu yako na uingie sehemu ya mipangilio iitwayo Family Pairing. Wewe chagua mzazi, yeye achague kijana, kisha skani alama ya mraba inayotokea. Utaweza kumwekea muda, kuchuja maudhui na kuamua nani anamwandikia.

Instagram ilitangaza akaunti za vijana mwaka 2024: za faragha, na aliye chini ya 16 hawezi kulegeza masharti bila mzazi. Tena, tarehe.

YouTube, kwa akaunti uliyoifungua hatua ya 3, utaisimamia kutoka Family Link. Kwenye simu yako unayomwazima, washa hali ya kuchuja iitwayo Restricted Mode. Haishiki kila kitu, lakini hupunguza.

## Hatua ya 9: Kama simu ni moja ya nyumba nzima

Nyumba nyingi ziko hivi, na miongozo mingi huzisahau. Mama ana simu, watoto watatu wanapokezana. Usiweke Family Link hapo, itakufunga wewe.

Tafuta kwenye mipangilio ya usalama kipengele cha kubandika programu. Ukishakiwasha, pamoja na sharti la kudai namba ya loki kabla ya kutoka, fungua video au somo analotaka mtoto, libandike, umpe simu. Hawezi kutoka kwenda WhatsApp yako wala kwenye pesa mpaka iandikwe namba ya loki. Jaribu mwenyewe kabla ya kumpa: ukijaribu kutoka, simu idai namba ya loki.

Simu nyingine zinaruhusu mtumiaji wa pili mwenye ukumbi wake. Yako ikiwa nayo, itumie. Zile za bei ya chini mara nyingi hazina.

## Mtoto akitishiwa

Mtu anaweza kumtaka picha, akaipata, kisha akamgeuka na kudai hela. Ukiambiwa jambo hili na mwanao, sauti yako ya kwanza ndiyo itakayoamua kama atakuambia yaliyobaki.

Usilipe. Usimjibu. Usifute mazungumzo. Piga picha ya skrini ya vitisho, jina la akaunti na namba ya simu. Picha yenyewe ya mtoto usiinakili wala usimtumie mtu, hata mjomba "ajue": kusambaza picha za namna hiyo za mtoto ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na nia njema haikusaidii.

Piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Kisha nenda na simu kituo cha polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Simu ibaki na akaunti zake zote kama zilivyo.

## Kila wiki dakika kumi

Fungua Family Link siku ile ile kila wiki. Tazama programu mpya, tazama iliyokula muda mwingi, hakikisha Private DNS bado imeandikwa. Ukikuta simu ya mtoto haijaonekana mtandaoni kwa siku kadhaa na mtoto hajanung'unika hata mara moja, kuna simu nyingine mahali.

Na siku itakapoanguka ikavunjika kioo, ukaileta kwangu au kwa fundi mwingine wa Kange au Chumbageni, mwambie maneno haya kabla hajaishika: "Badilisha kioo tu. Usiiflashi, usiongeze akaunti, na kama itadai tarehe ya kuzaliwa, nipigie."